Kovu Alilolifuta Sabuni

Shemeji yangu hajawahi kumpiga mtu picha akamwacha alivyo. Nalisema hili mapema ili msije mkaanza kumhurumia kabla ya wakati wake. Ana studio ya chumba kimoja mkabala na ofisi ya pasipoti: pazia jeupe, stuli ya kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, na kioo kidogo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikaondoka na mtu. Wateja wanaingia wamekunja nyuso kwa jua na foleni, wanakaa kwenye stuli, naye anawaamrisha kama mkuu wa gereza. Kidevu chini. Masikio yaonekane. Usicheke. Halafu anageukia kompyuta yake, na hapo ndipo kazi inapoanza. Chunusi zinaondoka. Mifuko ya chini ya macho inaondoka. Alama ya kuungua na pasi, ambayo mama mzazi angeweza kumtambulia mwanawe hata baada ya ajali, nayo inaondoka. Kuna watu waliwahi kurudishwa na maofisa kwa sababu sura ya kwenye picha haikuwa ile iliyosimama dirishani, na bado walirudi kwake kupiga nyingine, maana walikuwa wamekwisha kujipenda. Mtaa mzima unamwita Sabuni. Jina lenyewe limemkaa, amelichora mlangoni kwa rangi ya buluu.

Dada yangu aliolewa na mtu huyo kwa hiari yake mwenyewe, hakuna aliyemshikia panga. Dada ni mwalimu wa chekechea, mwanamke wa kucheka kwa sauti, ambaye sketi zake zote zimefutiwa makamasi ya watoto wa watu. Picha yake kubwa ndiyo iliyopamba dirisha la studio, na kila mwaka Sabuni alikuwa akiibadilisha: gauni jipya, sura ile ile. Ile ile kwelikweli. Kando ya pua, upande wa kushoto, dada alikuwa na kijipele kinachong'aa, kisichouma wala kuwasha. Kila mwaka kilikuwa kimeongezeka kidogo, na kila mwaka Sabuni alikifuta kwa kubofya, huku simu iko begani na anacheka na mtu. Hakuwa anaficha kitu. Ni mazoea ya mkono, kama mtu anavyopangusa meza kabla ya kuweka sahani. Dada naye akienda kazini alikuwa anapita pale dirishani, anajitazama, anaridhika, anaenda zake.

Kazi ya hospitali ilikuja wakati huo. Kitengo cha upasuaji wa ngozi kilikuwa na tatizo la wagonjwa waoga. Mtu anaambiwa ana saratani ya ngozi, anapangiwa siku ya kukatwa, anafika pale kwenye benchi, anasikia vyuma vinagongana ndani, presha inapanda mpaka daktari anashindwa kumgusa. Wengine walikuwa wanaaga kwenda chooni na hawaonekani tena. Daktari bingwa akaamua itengenezwe video ya kuwaelimisha, iwe inaonyeshwa pale wanaposubiri, mtu aone mwanzo hadi mwisho anachoenda kufanyiwa. Wakamwita Sabuni.

Niseme haki yake, aliipiga vizuri. Alionyesha sindano ya ganzi, akaonyesha jinsi wanavyokata tabaka jembamba moja, wanamfunga mgonjwa bandeji na kumrudisha kukaa, kisha wanaenda kulichungulia lile tabaka kwenye hadubini. Kama bado kuna mzizi, mgonjwa anaitwa tena, wanakata palepale penye mzizi tu. Wanarudia hadi pawe safi. Sista wa kitengo ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya kumlaza mtoto. Mwishoni akawekwa mgonjwa aliyekwisha kupona, tarishi mstaafu wa posta, aliyepeleka barua kwa baiskeli maisha yake yote juani. Kovu lake lilitoka kando ya pua likashuka hadi kwenye taya, na lilikuwa limevuta kope la chini, kwa hiyo jicho lilitoa machozi muda wote, hata akiwa anacheka.

"Kovu hilo liache kama lilivyo," daktari alimwambia Sabuni. "Nataka watu walione."

"Sawa, daktari," alisema Sabuni.

Akaenda kwenye kompyuta yake. Mtu anayeongea na kutikisa kichwa hafutiki kwa kubofya mara moja. Inabidi umfuate kipande kwa kipande, uketi hadi mgongo ukukakamae. Kwa hiyo hapa asije akaniletea habari za mazoea ya mkono. Alikaa, akamfuta yule mzee kovu lote, akamrudishia kope lake mahali pake, akamkausha machozi. Siku ya kuikabidhi, daktari bingwa aliisogelea runinga, akainamisha kichwa kushoto na kulia.

"Sikujua kama nilimshona vizuri namna hii," alisema. Halafu akawaita wauguzi waje waone kazi ya mikono yake.

Sabuni hakumsahihisha. Na video ikafanya kazi. Presha zikashuka, safari za chooni zikaisha, watu wakawa wanaingia chumba cha upasuaji kama wanaoingia kunyolewa. Shemeji alituambia hivyo kila siku mezani hadi tukachoka.

Kijipele cha dada kilipoanza kutia damu kwenye foronya, mimi ndiye niliyemburuta hospitali. Yule yule daktari bingwa akakitazama kwa lenzi.

"Kina muda gani hiki?"

"Cha juzijuzi tu," alisema dada, na alikuwa anasema anachokiamini.

Daktari akataka picha za zamani, apate kujua kilianza lini. Tukapekua simu, tukapekua albamu, tukatazama ukuta wa sebuleni. Mke wa mpiga picha ana picha kuliko malkia, na hapakuwa na hata moja yenye kijipele. Niligeuka kumwangalia shemeji. Alikuwa anasoma bango la namna ya kunawa mikono.

Majibu ya kipimo yalikuwa saratani ya ngozi. Daktari alieleza kuwa si ile ya kukimbilia mapafu. Hii hutafuna palepale ilipo, taratibu, lakini haiachi kutafuna, na pale ilipo pamekaribiana mno na jicho. Ikatwe upesi. Dada akasema hakatwi.

"Watoto wangu wataniogopa," aliniambia. "Watu wazima wanajua kujifanya hawajaona. Watoto wa chekechea hawajui. Nitaingia darasani walie wote, nifanyeje mimi? Nikauze nini?"

Tulimbembeleza wiki nzima. Mwishowe sista akamkalisha mbele ya video. Akaitazama yote. Tarishi alipotokea na shavu lake laini akisema, "Nilikatwa hapa," dada alisogea mbele kwenye kiti.

"Hapo? Mbona hapana kitu?" Akamgeukia mumewe. "Huyu wewe ndiye uliyempiga. Ulimsafisha?"

"Sikumgusa," alisema Sabuni.

"Niambie kweli. Mimi nakujua."

"Mtu yuko hivyo hivyo, mke wangu. Ungemwona kwa macho ungeshangaa zaidi."

Dada akatoa pumzi ndefu, akakubali papo hapo. Mimi, mjinga, nilikwenda kumnunulia shemeji soda baridi kwa kumshukuru. Baadaye alijitetea kuwa alitaka mkewe apone, na angesema ukweli dada asingekatwa. Inawezekana. Nimelifikiria sana hilo. Lakini nilimwona uso wakati anaulizwa, na alikuwa na ile raha ya fundi aliyesifiwa kazi.

Siku ya upasuaji dada aliingia akitania. Alimwambia sista amkatie na mashavu kidogo, yamezidi. Akatoka na bandeji, akakaa katikati yetu, tukasubiri. Akaitwa tena. Akatoka na bandeji kubwa zaidi. Kilichokuwa juu ni kijipele, lakini chini kilikuwa kimetandaa kama doa la mafuta kwenye kitambaa, kimekwenda chini ya pua, kimepanda kuelekea jicho. Miaka yote ile kilikuwa kinafanya kazi yake kwa utulivu. Dada alikuwa mtulivu pia. Kulikuwa na bwana mmoja anautazama mlango wa kutokea, dada akampigapiga mkono, akamwonyesha runinga. "Mwangalie yule mzee," alisema kupitia pengo la bandeji. "Utasema hata aliwahi kukatwa?" Sabuni alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia tarishi mwenyewe. Alikuja kuangaliwa tu, kama wanavyoangaliwa waliopona. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa chini ya runinga, akakaa hapo, akatoa leso, akafuta jicho lake linalotoka machozi. Juu ya kichwa chake sura yake safi ilikuwa inaongea.

Dada alimtazama yule wa juu, akamtazama yule wa chini. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Baba," alisema mwishowe, "yule ni nani wako?"

Mzee akacheka. "Yule ni mimi, mwanangu, alivyonitengeneza yule bwana hapo." Akamnyooshea Sabuni kidole kwa furaha kabisa, hana kinyongo. "Wajukuu wameiona kwenye simu, sasa wananiambia nimrudishe yule babu mwingine."

Hakuna aliyecheka naye. Dada alimgeukia mumewe kwa kiwiliwili kizima, maana bandeji ilikuwa imezungushwa hadi shingoni.

"Ulisema hukumgusa."

"Nilitaka ukubali."

"Nimekubali. Nimekatwa. Nina shimo usoni, nausikia upepo unaingia. Na mimi nilikuwa nategemea shavu kama lile la runingani!"

Sista akatokea mlangoni. Alisema kimebaki kidogo tu, chini ya kope, awamu moja zaidi na mambo yameisha. Dada akasema hapana. Washone hapo walipofika. Daktari akaja mwenyewe, na glovu mkononi, akamweleza polepole na baadaye kwa ukali. Nikamsihi. Sabuni akapiga magoti kwenye sakafu ile inayonuka dawa, mbele za watu.

"Ukiacha hicho kitakuua," alimwambia.

"Na neno hilo umelisafisha, au bado?" dada akamuuliza.

Wakamshona.

Sasa sikilizeni kitu kinachonikera hadi leo. Dada alirudi darasani na kovu jekundu kuliko la tarishi, amejiandaa kwa vilio. Kitoto kimoja cha kike kikamuuliza, "Mwalimu, nani amekuchana?" Dada akasema ni daktari. Kitoto kikaomba kushika, kikashika, kikasema ni kama mnyoo. Wengine wakapanga mstari nao washike. Ikawa imeisha. Kabla ya mapumziko walikuwa wanagombania bembea kama kawaida, na makamasi yakarudi kwenye sketi. Yaani kile alichokiogopa, kilichomfanya amwamini muongo, hakikuwepo.

Lakini hospitali hakurudi. Kila aliyemtajia daktari aliambiwa, "Mmetumwa?" Nyumbani alizungumza na mumewe mambo ya chumvi na gesi tu. Sabuni aliitoa picha yake dirishani, akaweka ya maua. Nilijaribu kumtisha dada, nikajaribu kulia, nikajaribu kununa. Alinijibu kuwa kila anayemwambia kitu kwa ajili ya faida yake anamwona ana kompyuta mgongoni. Kilichobaki kikaendelea na kazi yake. Kope likavimba, likawa zito, likaacha kufunga. Siku aliyokubali kupanda ngazi za kitengo kile, daktari hakubishana tena. Alimwambia jicho haliwezi kubaki. Na lilitolewa.

Alipopona alikwenda mwenyewe kwa daktari. Akamwambia video ile ni uongo na yeye ndiye ushahidi, wapige nyingine, na safari hii aongee yeye. Daktari, ambaye tangu siku ya tarishi alikuwa hamtazami dada usoni, alikubali upesi. Dada akataka mpiga picha awe Sabuni yuleyule. Nilimuuliza kwa nini anamtafuta mtu huyo.

"Nataka anitazame," alisema. "Anitazame hadi amalize."

Nilikuwepo studio. Dada alikaa kwenye stuli bila miwani, bila bandeji. Palipokuwa na jicho palikuwa na ngozi iliyoshonwa ikazama, na bawa la pua halikuwepo. Sabuni aliziweka taa muda mrefu. Akamwambia asiitazame kamera, aitazame taa, ndivyo wanavyofanya kwenye mahojiano. Dada akaongea bila karatasi. Alisema ganzi inauma, kungoja kunauma zaidi. Alisema, "Hivi mnavyoniona ndivyo nilivyo, na ndivyo nitakavyokaa mpaka kufa. Nilikataa kipande cha mwisho, kikaja kuchukua jicho langu. Ninyi msikatae." Nyuma ya kamera Sabuni alikuwa analia, machozi yanamdondokea kwenye shati. Hilo nililiona na silifichi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwonea huruma.

Siku ya kuionyesha mara ya kwanza tulialikwa. Tulikaa safu ya nyuma, dada amevaa miwani myeusi na amejitanda kitambaa. Chumba kilikuwa kimejaa. Jirani yetu wa mbele alikuwa binti mmoja mwenye plasta ndogo kwenye sikio, mguu wake unacheza bila kukoma, mama yake anamshika goti autulize.

Video ikaanza.

Sabuni hakuwa amefuta kitu. Kompyuta hakuigusa; alituapia hivyo baadaye, na hapo alisema kweli. Alikuwa tu ameiweka kamera upande wa kulia, na upande wa kushoto akauacha gizani. Kwenye runinga alikuwepo mwanamke mzuri, shavu zima, jicho moja kubwa linang'aa kwa mwanga wa taa, na anasema, hivi mnavyoniona ndivyo nilivyo. Chumba kizima kikashusha pumzi. Maneno ya jicho yaliwapita kabisa. Walikuwa wanamwona.

"Kumbe ni hivyo tu," binti alimwambia mama yake. Mguu ukatulia.

Dada akasimama. Nilimshika kitambaa kikabaki mkononi mwangu. Alipita katikati ya viti hadi chini ya runinga, akavua miwani.

"Yule ni mimi," alisema. "Nitazameni vizuri."

Wakatazama. Mtu mmoja akasema, "Ee Mungu wangu." Sista alisimama na vidonge mkononi, hajui aviweke wapi. Niliuona uso wa dada na ulikuwa na ushindi, siwezi kuuita kitu kingine, na kwa kitambo kidogo nami nilishangilia moyoni. Kisha mlango ukabamizwa. Kiti cha binti kilikuwa kitupu, na mama yake alikuwa anaokota mkoba amfuate.

Nadhani dada alielewa kabla yetu sote. Aliita, "Rudi! Binti, rudi, chako ni kidogo!" akatoka mbio kwenye korido. Toroli la vifaa lilikuwa limesimama upande wa kushoto, ule asiouona. Nilimkuta sakafuni, vyuma vimemwagika kila mahali, anataka kuinuka na anazuiwa na wauguzi. Mimi nikashuka ngazi hadi getini. Kulikuwa na watu wengi barabarani, na sikumwona mwenye plasta.

Daktari alimsimamia dada kichwani pale pale chini, hakumpa hata mkono.

"Cha yule kingetoka kwa tabaka moja," alimwambia. "Moja tu, mama. Alikuwa amekwisha kutulia."

Simu aliyoiandikisha binti ilikuwa haipatikani, na haijapatikana hadi leo. Sabuni alimfuata dada nyumbani kwangu, anakoishi siku hizi, akasimama mlangoni akisema hakuweza, alitaka kumpiga alivyo na hakuweza, mkono ulikataa. Dada alinyanyuka akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Wiki iliyofuata sista alikuja kumuuliza waifanyeje ile video, waitoe au daktari atafute mtu mwingine aipige upya, kwa upande wa pili. Dada alijifuta chini ya miwani.

"Iacheni ilivyo," alisema.

Nayo ndiyo inayoonyeshwa. Siku za kliniki dada huenda akakaa pale, amejifunika vizuri mtu asimtambue, kwenye kiti cha karibu na mlango, jicho lake zima likiwa upande wa wanaoingia. Huwa namsindikiza. Wanaingia wengi, wenye plasta mashavuni, shingoni, mikononi, wanaitazama runinga na kutulia. Yule binti hajaingia.